Biashara ndogo Mwanza: fursa za serikali na mpangilio wa kuzifuata

Mwanza hakuna mtaa ambao watu wake hawajasikia habari za "mkopo wa asilimia kumi", yaani mkopo usio na riba ambao halmashauri inatoa kwa vikundi kutoka kwenye mapato yake. Kirumba wanauongelea, Igoma wanauongelea, na ukivuka kwenda Nansio utakuta kikundi kinachosubiri majibu yake. Lakini mkopo huo ni sehemu moja tu ya mambo ambayo sheria na sera za nchi zimemwekea mfanyabiashara mdogo. Kuna nafuu ya kodi kwa anayetunza kumbukumbu. Kuna alama ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango, ambayo mjasiriamali mdogo haigharamii miaka ya mwanzo. Kuna zabuni za serikali zilizotengwa kwa makundi maalumu, na kuna mikopo ya boti na vizimba vya samaki isiyo na riba. Haya hayasemwi sana vijiweni kwa sababu mengi yake hayaji kama fedha mkononi.

Mimi naamini mengi ya haya yana faida kubwa kuliko mkopo wenyewe, na kwamba mkopo unaotangulia kabla ya hayo mengine ndio unaowaumiza watu. Kwa hiyo nimeyapanga kwa mfuatano ambao karatasi ya hatua moja inatumika katika hatua inayofuata. Nimeandika nikimfikiria mama anayekausha dagaa Igombe, kijana mwenye fremu ya kushona nguo Buhongwa, na akina mama wa Misungwi wanaosaga unga wa lishe na kuufunga kwenye mifuko. Ukiwa na biashara ya aina nyingine, njia ni ileile kwa sehemu kubwa.

Hatua ya kwanza: jua serikali inakuhesabu kwenye kundi gani

Sera ya Maendeleo ya Viwanda Vidogo na Biashara Ndogo ya mwaka 2003 iligawa biashara kwa idadi ya watu na mtaji. Yenye mtu 1 hadi 4 na mtaji usiozidi shilingi milioni 5 ni biashara ndogo sana. Yenye watu 5 hadi 49 na mtaji wa hadi milioni 200 ni ndogo. Yenye watu 50 hadi 99 na mtaji wa hadi milioni 800 ni ya kati. Ni vizuri kulijua kundi lako, maana fomu nyingi zinaliuliza.

Mamlaka ya Mapato, TRA, inatumia kipimo tofauti: mauzo ya mwaka mzima. Na hapa ndipo watu wengi wanachanganya mauzo na faida. Tuseme unauza dagaa wa shilingi 40,000 kwa siku, na kwa siku hiyo unabaki na 5,000 baada ya kulipa mzigo, usafiri na ushuru. Wewe unajiona mtu wa elfu tano. Lakini ukifanya kazi siku 300 kwa mwaka, mauzo yako ni milioni 12, na hicho ndicho TRA inachokiangalia. Kwa upande mwingine, mama anayeuza vitumbua vya wastani wa shilingi 13,000 kwa siku, kwa siku hizo hizo 300, ana mauzo ya milioni 3.9. Huyo yuko chini ya milioni 4, na chini ya kiwango hicho kodi ya mapato haimhusu.

Sasa utajuaje uko wapi bila daftari? Nunua daftari la kawaida, lichore safu nne: tarehe, kilichouzwa, fedha iliyoingia, fedha iliyotoka. Andika kila jioni kabla hujala. Risiti za mzigo ziweke kwenye bahasha moja kwa kila mwezi. Ukinunua kwa simu, usifute ujumbe wa malipo. Kazi hii haichukui dakika kumi, lakini kila hatua iliyobaki kwenye mwongozo huu inarudi kwenye daftari hilo: kodi, andiko la mkopo, zabuni, hata mazungumzo na benki. Ukiona huwezi kuandika kila siku, basi hujafika wakati wa kukopa, na ninasema hivyo kwa nia njema kabisa.

Hatua ya pili: TIN, na kodi isiyokuonea

Namba ya mlipakodi, yaani TIN, inatolewa bure. Mtu akikudai fedha ili akupatie, ni malipo ya huduma yake mwenyewe, na TRA hawahusiki nayo. Unaomba kwa mtandao wa TRA au unakwenda ofisini kwao ukiwa na namba ya NIDA. Kama uliwahi kupata TIN kwa ajili ya leseni ya udereva, hiyo siyo ya biashara. Usiombe nyingine; waombe wakubadilishie matumizi ya hiyo hiyo, kwa sababu mtu mmoja ana TIN moja.

Wafanyabiashara wadogo walio watu binafsi, wenye mauzo yasiyozidi milioni 100 kwa mwaka, wanatozwa kodi kwa makadirio yanayotokana na mauzo. Katika jedwali lililowekwa na Sheria ya Fedha ya 2019, mwenye mauzo kati ya milioni 4 na milioni 7 akiwa hana kumbukumbu analipa 100,000. Akiwa nazo, analipa asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 4 tu. Mwenye mauzo kati ya milioni 7 na 11 asiye na kumbukumbu analipa 250,000. Mwenye kumbukumbu analipa 90,000 na kuongeza asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7.

Weka hesabu mezani. Dada mwenye mauzo ya milioni 5, akiwa na daftari, kodi yake ni 30,000 kwa mwaka. Bila daftari ni 100,000. Kaka mwenye mauzo ya milioni 9 akiwa na daftari analipa 150,000, bila daftari 250,000. Tofauti hiyo inanunua madaftari ya miaka yote utakayofanya biashara. Viwango hubadilika, kwa kuwa Sheria ya Fedha mpya huanza kila tarehe 1 Julai, kwa hiyo omba jedwali la mwaka huu kabla hujakaa na afisa. Ila msingi wa kumpunguzia mzigo mwenye kumbukumbu ndio wa kuushikilia.

Siku ya makadirio nenda mwenyewe. Usimtume mtu asiyeijua biashara yako. Beba daftari, risiti za ununuzi na mkataba wa fremu. Afisa anapokuuliza mauzo, mfungulie ukurasa. Watu wengi wanaolalamika kwamba wamekadiriwa juu waliingia mikono mitupu, wakajibu kwa kukisia, na afisa naye akakisia. Kodi iliyokadiriwa inalipwa kwa awamu nne, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Ukivuka mauzo ya milioni 11 jiandae kwa EFD, mashine ya kutolea risiti. VAT, kodi ya ongezeko la thamani, isikuumize kichwa: tangu Julai 2023 kiwango cha kuandikishwa ni mauzo ya milioni 200 kwa mwaka.

Biashara ikianza kukua na ukaajiri, kumbuka tozo ya kuendeleza ujuzi inamhusu mwajiri mwenye wafanyakazi 10 na kuendelea. Kabla ya mabadiliko ya 2021 ilikuwa inaanzia wanne. Ni nafuu kubwa kwa warsha ya kushona yenye vyerehani sita.

Hatua ya tatu: kitambulisho au leseni

Kama wewe ni machinga, mama lishe au muuza mitumba usiye na fremu na mauzo yako ni madogo, njia yako ni kitambulisho cha mfanyabiashara mdogo. Utaratibu huu ulianza Desemba 2018 kwa vitambulisho vya shilingi 20,000 kwa wenye mauzo yasiyofika milioni 4, na sasa vipo vya kidijiti vinavyoratibiwa na Wizara ya Maendeleo ya Jamii. Anza kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata yako. Huyu ni mtu utakayekutana naye mara nyingi, kwa hiyo mjue kwa jina na yeye akujue kwa kazi yako.

Ukiwa na fremu au sehemu ya kudumu, unahitaji leseni ya biashara kutoka halmashauri. Siku hizi inaombwa kwenye mfumo wa TAUSI wa TAMISEMI: unafungua akaunti kwa NIDA na TIN, unachagua aina ya biashara, unapewa kontroo namba, unalipa, unachapisha leseni yako. Uwe na uthibitisho wa TRA kwamba huna deni la kodi, na mkataba wa pango. Hakikisha unachagua halmashauri sahihi. Kirumba, Pasiansi, Buswelu na Igombe ni Manispaa ya Ilemela; Igoma, Mkuyuni, Nyegezi na Buhongwa ni Jiji la Mwanza.

Jina la biashara linasajiliwa kwa mtandao BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Si lazima kwa anayefanya biashara kwa jina lake mwenyewe, lakini anayefikiria lebo kwenye mfuko au akaunti ya benki yenye jina la biashara alisajili mapema, kabla mwingine hajalichukua.

Hatua ya nne: barua ya SIDO na alama ya TBS

Hatua hii inamhusu anayetengeneza kitu: unga wa lishe, dagaa wa kufungwa, sabuni, siagi ya karanga, asali, mvinyo wa rosela. Mwenye duka la kuuza tu anaweza kuiruka.

SIDO ni shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1973, na lina ofisi kila mkoa, Mwanza ikiwemo. Wanafundisha usindikaji, ufungashaji na utunzaji wa hesabu. Wana mashine au wanajua fundi wa kuzitengeneza. Pia wanasimamia Mfuko wa NEDF ulioanzishwa mwaka 1994, unaotoa mikopo kwa wajasiriamali wadogo mmoja mmoja, jambo ambalo ni muhimu kwa mtu asiyetaka kuingia kwenye kikundi.

Lakini kitu ambacho ningemsihi kila msindikaji akichukue SIDO ni barua ya utambulisho kwenda TBS. Kwa barua hiyo, mjasiriamali mdogo anapata huduma ya kuthibitishwa ubora na kutumia alama ya TBS bila kulipia kwa miaka mitatu ya kwanza, kisha anaanza kuchangia sehemu ya gharama kidogo kidogo. TBS wana ofisi ya Kanda ya Ziwa hapa hapa Mwanza, kwa hiyo hakuna haja ya safari ya Dar es Salaam. Bila alama hiyo, maduka makubwa ya mjini hayapokei mfuko wako, na mwenye duka la kawaida anaupokea kwa bei ya kukukandamiza.

Wanaokwama hapa hukwama kwa jengo mara nyingi kuliko ladha ya bidhaa. TBS, ambao tangu Julai 2019 ndio wanaosimamia pia usalama wa chakula, watakuja kuangalia unapotengenezea. Chumba cha uzalishaji kisiwe kile mnacholala au kupikia chakula cha familia. Sakafu ioshike, madirisha yawe na wavu, kuwe na maji ya kunawa na sehemu ya kubadilishia nguo za kazi, na malighafi zisikae na bidhaa iliyokwisha kufungwa. Kama nyumbani hakuna nafasi, waulize SIDO kuhusu vyumba vya uzalishaji, au akina mama watano mkodi chumba kimoja mkigawane siku.

Kwa wa dagaa, neno la kipekee. Dagaa waliokaushwa juu ya mchanga hawana safari ndefu. Mchanga unabaki ndani, mlaji anausikia kwenye meno, na bei inakufa. Jenga vichanja vya miti na wavu, urefu wa kiunoni, dagaa wapate upepo chini na juu. Wanakauka haraka, kuku na mbwa hawawafikii, na hata mvua za Machi hadi Mei zikija ghafla unakunja wavu na kukimbilia ndani. Kichanja ni gharama ndogo kuliko mkopo wowote unaoufikiria, na ndicho kinachokutofautisha kwenye soko la samaki la Mwaloni pale wanunuzi wa kutoka mikoani na nchi jirani wanapopita wakichagua mzigo.

Lebo iwe na jina la bidhaa, viambato, uzito halisi, jina na anwani ya mtengenezaji, tarehe ya kutengenezwa, mwisho wa matumizi na namba ya toleo. Ukifika wakati wa kuuza supamaketi utahitaji msimbo wa mistari; bidhaa zilizosajiliwa Tanzania zinaanza na 620.

Hatua ya tano: kikundi, na mkopo wa asilimia kumi

Kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kilichoongezwa mwaka 2018, kinaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Mkopo hauna riba. Kilichokuwa hiari ya mkurugenzi kikawa sheria. Kwa hiyo unapokwenda kuomba, usiende kama mtu anayeomba hisani ya mtu, na pia usiende kama mtu anayechukua sadaka. Fedha hizo ni ushuru uliokusanywa Mwaloni, stendi ya Nyegezi na kwenye magulio ya Magu na Kwimba, na zinatakiwa zirudi ili kikundi kingine kizipate.

Aprili 2023 utoaji ulisimamishwa nchi nzima baada ya ukaguzi kuonyesha vikundi hewa na marejesho yasiyorudi. Ulirejea Julai 2024 kwa kanuni mpya na mfumo wa kielektroniki. Ndiyo maana uhakiki sasa ni mkali, na ni haki uwe mkali, kwa sababu wale waliokula na kupotea waliwafungia mlango maelfu waliokuwa waaminifu.

Kikundi kianze kabla ya mkopo kutajwa. Chagueni watu mnaojuana kwa kazi, siyo kwa undugu pekee, wala majina ya kujaza idadi. Idadi ya chini ya wanachama na ukomo wa umri wa vijana vimebadilishwa zaidi ya mara moja tangu 2019, hivyo ulizeni kata kabla ya kuandika majina. Mwajiriwa rasmi haruhusiwi kuwemo. Mtu mwenye ulemavu anaweza kuomba peke yake, na familia nyingi hazilijui hili.

Andikeni katiba yenu wenyewe, msinakili ya jirani. Iseme mtu akiugua inakuwaje, akihama anaondoka na nini, akishindwa kulipa nani anabeba. Chagueni mwenyekiti, katibu na mweka hazina, fungueni akaunti ya benki ya kikundi, na wekeni akiba kila wiki, hata ya shilingi 2,000. Katibu aandike muhtasari wa kila kikao na wote wasaini. Mhakiki akija akakuta mihtasari ya miezi sita na akiba isiyokatika, anajua kikundi kipo.

Kisha njia ni hii. Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata anawasaidia kujisajili kwenye mfumo na kupata cheti cha utambuzi. Mnaandika andiko la mradi. Kamati ya kata inawatembelea na kupendekeza, halmashauri inachambua na kuidhinisha, mnapewa mafunzo, mnasaini mkataba, fedha inaingia kwenye akaunti ya kikundi. Mtu yeyote njiani akiomba "ya chai" ili jina lipite, hiyo ni rushwa, na TAKUKURU wana ofisi mkoani na wilayani.

Andiko ndilo linaloamua, na wengi wanalipa shilingi nyingi kwa mtu wa stesheneri awaandikie maneno makubwa yasiyo yao. Andikeni wenyewe kwa Kiswahili cha kawaida, kurasa tatu zinatosha. Mnafanya nini sasa na mnauza kiasi gani, kwa ushahidi wa daftari. Mnataka kununua nini, kwa bei gani, kutoka kwa nani, mkiambatanisha ankara. Mauzo yataongezeka vipi. Mtarejesha kiasi gani kila mwezi na kitatoka wapi.

Hapo kwenye marejesho, wa dagaa wawe waangalifu kuliko wote. Uvuvi wa dagaa ni wa taa, na taa inafanya kazi kwenye giza. Mbalamwezi ikiwaka mitumbwi inakaa ufukweni siku kadhaa kila mwezi, mzigo unapungua na bei ya kununulia inapanda. Msimu wa mvua nao unapunguza ukaushaji. Ratiba isiyotambua mbalamwezi na masika itawaweka kwenye deni ndani ya mwaka mmoja. Chukueni wastani wa miezi yenu mibaya, siyo mizuri, mkaujengee rejesho. Ombeni pia muda wa kuanza kulipa uendane na biashara, na muandike ombi hilo ndani ya andiko, siyo kulisema kwa mdomo baada ya kusaini.

Na ombeni mnachoweza kukibeba. Kikundi kilichozoea kuzungusha milioni mbili kikipewa milioni ishirini kwa siku moja mara nyingi kinagawana, kila mtu anakwenda na fungu lake, na hapo mradi umekwisha kabla haujaanza. Anzeni na kidogo, rudisheni, ombeni tena.

Katikati ya kusubiri ndipo kausha damu, wakopeshaji wa riba ya kuumiza, wanapopita mlangoni. Mkopeshaji asiyepokea amana anatakiwa kuwa na leseni ya Benki Kuu chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018, na riba ilielekezwa isizidi asilimia 3.5 kwa mwezi. Hata hiyo siyo ndogo: kwa milioni moja ni 35,000 kila mwezi, 420,000 kwa mwaka kama deni lenyewe halipungui. Anayekutaka zaidi ya hapo, au anayechukua kadi yako ya benki na kitambulisho chako kama dhamana, mkatae. Orodha ya wenye leseni iko kwenye tovuti ya Benki Kuu. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza kuzizuia programu 69 za mikopo ya simu zilizokuwa zikikopesha bila idhini. Ukisikia programu inawatumia watu walio kwenye simu ya mkopaji ujumbe wa kumdhalilisha, usiiweke kabisa kwenye simu yako.

Kikoba chenu nacho kinatakiwa kusajiliwa kupitia halmashauri chini ya sheria hiyo hiyo ya 2018. Kisajilini. Kikoba kilichosajiliwa kina pa kushtaki mweka hazina akitoroka.

Hatua ya sita: walio ziwani

Wavuvi na wafugaji wa samaki wana njia yao. Januari 2024, hapa Mwanza, serikali ilianza kugawa boti za kisasa na vizimba kwa mikopo isiyo na riba kupitia Benki ya Maendeleo ya Kilimo, TADB, ambayo ina ofisi ya kanda Mwanza. Waombaji wanapitia kwa Afisa Uvuvi wa halmashauri, wakiwa kikundi, ushirika, kampuni au mtu binafsi.

Kabla ya kuomba kizimba, kaa chini uhesabu chakula. Sato anahitaji miezi sita hadi minane kufikia ukubwa wa soko, na chakula kinameza zaidi ya nusu ya gharama yote. Mkopo wa kizimba bila mpango wa chakula unakuachia samaki wa gramu 150 asiyenunuliwa. Eneo nalo halichaguliwi kwa macho: linahitaji kina, mzunguko wa maji na vibali, na TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, wana watafiti Mwanza wanaojua sehemu gani za ziwa zinafaa. Chuo cha FETA kule Nyegezi kinafundisha ufugaji. Nenda ukajifunze kwanza, hata kama una haraka.

Hatua ya saba: iuzie serikali

Kwa maoni yangu hii ndiyo fursa iliyosahauliwa kuliko zote. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 na kanuni zake zinazitaka taasisi za umma zitenge asilimia 30 ya ununuzi wao wa mwaka kwa makundi maalumu: wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Shule, hospitali, halmashauri, vyuo, mamlaka ya maji, wote wananunua. Wananunua sare, mapazia, chakula cha vikao, sabuni, usafi wa majengo, matengenezo ya madawati, na samaki wa mabweni.

Kikundi kinasajiliwa kwenye NeST, mfumo wa mtandao wa zabuni za serikali, uliochukua nafasi ya ule wa zamani mwezi Oktoba 2023. Afisa Maendeleo ya Jamii na kitengo cha ununuzi cha halmashauri ndio wa kuanza nao. Mnahitaji cheti cha kikundi, TIN ya kikundi, akaunti ya benki na leseni inayolingana na mnachouza. Mkisajiliwa, ingieni kwenye mfumo kila wiki, maana zabuni ndogo hufunguliwa na kufungwa haraka. Julai na Agosti, mwaka mpya wa fedha unapoanza, angalieni zaidi.

Mambo mawili ya kujihadhari. Malipo ya serikali yanaweza kuchelewa, kwa hiyo msichukue oda inayomaliza mtaji wote. Na kwenye malipo ya bidhaa mtakatwa asilimia 2 ya zuio la kodi. Daini hati ya zuio na muipeleke TRA, kwa sababu fedha hiyo inahesabiwa kwenye kodi yenu ya mwaka.

Hatua ya nane: kuvuka mpaka

Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, mzigo wa Mwanza hausubiri tena kivuko kwenda Sengerema, Geita na Kagera, na kutoka huko ni Mutukula au Rusumo. Mzigo wa bidhaa za Afrika Mashariki usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani unaweza kuvuka kwa cheti rahisi cha uasili kinachotolewa pale pale mpakani, bila ushuru wa forodha. Samaki na dagaa bado wanahitaji leseni na vibali vya Idara ya Uvuvi, na hivyo vichukueni Mwanza kabla gari halijaondoka. Msipite njia za panya. Mzigo ukikamatwa huko, hakuna karatasi itakayourudisha.

Ukikataliwa

Omba sababu kwa maandishi, popote ulipokataliwa. Kwa mkopo wa asilimia kumi, rudi kwa afisa wa kata ukiwa na barua hiyo, rekebisheni, ombeni awamu inayofuata. Kama sababu haieleweki, mwandikieni mkurugenzi wa halmashauri na nakala kwa diwani wenu; vikao vya baraza la madiwani viko wazi kwa wananchi kusikiliza, na taarifa za fedha zilizotengwa na zilizotolewa husomwa humo. Kwa makadirio ya kodi usiyokubaliana nayo, sheria inakupa siku 30 tangu upokee hati kuweka pingamizi kwa Kamishna, kwa maandishi, ukiambatanisha kurasa za daftari. Siku hizo zinapita haraka, kwa hiyo andika barua wiki hiyo hiyo, itoe nakala, na ile yako igongwe mhuri wa kupokelewa.